Mkono Uliovaa Leso

Mama Sadia alizikwa kabla sijapata hata nafasi ya kuomba ruhusa kazini. Ndiyo desturi ya Waislamu, maiti haisubiri jamaa wa mbali, nami sikuwa na haki ya kulalamika kwa sababu ujamaa wangu kwake ulianzia kwenye kupanga chumba. Aliyenipigia simu ni Mhandisi Ekal, bosi wangu wa kwanza duniani. Hatukuwa tumeongea kwa miaka mingi, na aliponiita "Kendi" bila salamu, nikajua si simu ya kujuliana hali. Kesho yake asubuhi niliondoka Meru, nikateremka ile barabara ambako baridi ya mlimani hukuacha ghafla bila kuaga, na kabla sijafika Isiolo nilikuwa nimevua sweta na kulia vya kutosha. Nilitaka kulia njiani nimalize, nifike msibani mkavu, nisije nikawashangaza wenye msiba wao. Kumbe kilio hakina stakabadhi ya kuonyesha umekwisha kulipa.

Habari za nyumbani kwetu na za shule nilizosoma naziacha, hazina tofauti na za watu wengine. Mtu akiniuliza nilizaliwa wapi nitamwambia. Lakini akitaka kujua nilianza kuwa mtu wapi, nitamwambia ni Isiolo, mwaka mmoja tu, katika chumba chenye dirisha dogo la mbao lililopakwa rangi ya buluu, ambalo lilifunguka kwa kupigwa ngumi. Leo nafundisha vijana kutengeneza mikono ya roboti isiyo na mfupa, mikono laini inayoweza kushika yai au nyanya bila kuivunja. Wageni wakija chuoni huniuliza nilijifunzia wapi, wakitarajia jina la chuo kikuu cha ng'ambo. Nawaambia nilijifunza kwa ngamia mmoja na mama mmoja, wanacheka, nawaacha wacheke.

Nilikuwa na diploma mbichi ya ufundi wa mitambo na kiburi kinachokuja nayo. Ekal alikuwa Mturkana wa palepale Isiolo, amesoma mbali, amerudi na wazo ambalo wafadhili walikuwa wamelipenda kwa mwaka mmoja. Wazo lenyewe lilikuwa hivi. Wakati wa kiangazi wafugaji huhitaji maganda ya migunga kulishia mbuzi na ndama, lakini maganda hayo yako katikati ya miiba, na kila mwaka kuna mtu anayechomwa jicho akiyatikisa kwa fito ndefu. Mkono wa chuma ungevunja matawi. Ngamia, hata hivyo, huingiza mdomo humo humo kwenye miiba akatoka na majani bila damu, kwa sababu mdomo wake wa juu umepasuliwa katikati, na kila upande hutembea kivyake kama kidole. Ekal alitaka tutengeneze mkono wenye shingo inayopinda na mdomo huo mwishoni, wote wa mpira, unaoendeshwa kwa kupulizwa hewa ndani.

"Huko nje wameiga mkonga wa tembo, wameiga pweza," aliniambia siku ya kwanza. "Pweza tutamtoa wapi hapa Burat? Sisi wetu ni ngamia."

Karakana yetu ilikuwa stoo ya kukodi huko Burat, kuta za bati na paa la bati, karibu na kambi ya jeshi, na tarumbeta ya wanajeshi ndiyo iliyokuwa saa yetu ya asubuhi. Mkono tuliufinyanga kwa silikoni, mpira unaokuja majimaji kwenye ndoo mbili. Ukichanganya ndoo hizo unapata kitu kizito kama uji wa wimbi, unakimimina kwenye kalibu, unasubiri mapovu yapande yatoke, kisha kinaganda. Kwa joto la Isiolo kilikuwa kinaganda kabla ya mapovu kupanda. Mkono wetu wa kwanza ulipopulizwa ulivimba upande mmoja, ukalia, ukapasuka, na Ekal akakaa chini juu ya ndoo akiutazama kama mtu aliyefiwa. Tulihitaji mahali pa baridi, na kwa mwezi mzima hatukupata, mpaka mtu akatuambia kuna mama mjini anayeuza maziwa ya ngamia, na ana kibanda chenye kuta za makaa ambazo humwagiwa maji kutwa ili maziwa yasiharibike.

Mama huyo ndiye Mama Sadia. Mborana mrefu, mkavu, shashi yake haitoki kichwani hata akiwa anakuna nazi, na alikuwa na tabia ya kukuangalia muda mrefu kabla ya kukujibu, mpaka ukaanza kujibu mwenyewe. Ekal alitoa salamu aleikum yake ya Kikristo, akajieleza kirefu sana. Mama Sadia akainama, akanusa ndoo.

"Hii kitu iko na haramu ndani?"

Ekal akaapa haina.

"Basi weka kule kwa kona. Ikinukisha maziwa yangu, mimi nitamwaga hiyo, si maziwa."

Kisha akanigeukia mimi, akauliza nalala wapi. Nilikuwa nalala kwenye gesti moja karibu na stendi, mahali ambapo wapakiaji wa miraa hugombana kuanzia alasiri, na nilipomwambia akanishika mkono, akanipitisha uani, akafungua mlango wa chumba chenye dirisha la buluu. Ndani kulikuwa na kitanda kilichotandikwa, kioo kidogo, na leso nyekundu iliyokunjwa juu ya mto, maandishi yake yamefutika kwa kufuliwa. Chumba kilikuwa kimefagiwa asubuhi hiyohiyo. Sikujiuliza chumba kisicho na mtu kinafagiwa kwa nini. Nilihamia jioni yake.

Maisha ya nyumba ile yalikwenda kwa moshi na chai. Vibuyu na madumu ya maziwa huko hayaoshwi tu, hufukizwa moshi wa kuni za mti wenye harufu nzuri, na moshi huo uliingia kwenye nywele, kwenye blanketi, na mwishoni hata kwenye silikoni yetu. Asubuhi tulikunywa chai ya maziwa ya ngamia na anjera, ile mikate myembamba ya unga uliochachushwa, jioni wali, na siku njema nyirinyiri, ile nyama iliyokatwa vipande vidogo ikakaangwa mpaka ikakauka. Jumapili nikitoka kanisani nilipika githeri, na Mama Sadia aliila yote huku akiisema vibaya. "Nyinyi Wameru mnachemsha mahindi kama mnaogopa itatoroka," aliniambia, akaongeza sahani. Aliniita intala, yaani binti kwa Kiborana, lakini nilidhani anamwita hivyo kila msichana, kama vile sisi tunavyomwita kila mwanamke wa makamo mama.

Ngamia wetu wa kuigwa alikuwa wake pia. Aliitwa Dima, jina linalomaanisha mwekundu, na alikaa kwenye boma nje kidogo ya mji chini ya Mzee Guyo, shemeji ya Mama Sadia, ndugu wa marehemu mumewe. Tulimrekodi kwa simu akila migunga, tukarudi karakanani kuangalia jinsi upande wa kushoto wa mdomo unavyosukuma mwiba huku wa kulia ukivuta jani. Nilimjua Dima mdomo kuliko nilivyojua uso wangu. Alikuwa na ndama mchanga, na maziwa yake ndiyo yaliyokuwa kitu cha kwanza kwenye meza ya kuuzia ya Mama Sadia kila asubuhi, kwa maana ngamia wengine walikwisha na ukame. Maziwa mengine aliyanunua kwa wafugaji, lakini wateja wake walimpenda kwa hayo ya Dima.

Kuta za nyumba ile zilikuwa nyembamba, na mambo makubwa niliyasikia nikiwa nimelala chali nikisoma. Alasiri moja dada yake mdogo, Dhaki, alikuwa amekuja, nao waliongea Kiborana kilichochanganyika na Kiswahili kama ilivyo desturi ya mji. Nilikuwa siku zote nadhani Sadia, binti mwenye chumba changu, yuko kwa mumewe, Sericho, mbali kule mashariki, na kwamba siku moja atakuja na watoto nihame chumba. Nikasikia Dhaki akitaja siku Sadia aliposhikwa na uchungu, akisema "gari haikufika," na Mama Sadia akijibu kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeeleza bei, kwamba gari ilifika, ila ilifika kubeba wawili waliokufa. Kisha wakaendelea na habari za Dima. Nikaelewa kwamba Sadia alifia Sericho kwenye uzazi, pamoja na mtoto. Nikaelewa pia Dima ni nani. Sadia alipozaliwa, baba yake alimpa ngamia mchanga wa kitovu, zawadi ambayo watu walimwambia ni ya watoto wa kiume, naye akawaambia wamwache na binti yake. Dima alikuwa mjukuu wa ngamia huyo, yeye na ndama wake wakiwa wa mwisho wa uzao ule. Niliinuka, nikaikunja vizuri leso niliyokuwa nimejifunika, nikaiweka juu ya mto kama nilivyoikuta. Usiku ule Mama Sadia aliingia kuchukua taa, akaiona, akaikunjua akanirushia miguuni.

Mvua zilipokuja ndama wa Dima akaharisha. Guyo alimleta mjini amkaribie daktari wa mifugo, ndama akalazwa uani kwetu, karibu na mlango wangu, na siku ya kwanza alitetemeka sana nikatoka na kitu cha kwanza nilichokishika, ambacho ni ile leso, nikamfunika. Daktari alifanya alivyoweza. Ndama akafa asubuhi, kichwa chake kwenye mapaja ya Mama Sadia, naye akaomboleza kwa kauli moja tu ya kumrudishia Mungu kilicho chake, akaenda kufungua meza.

Hapo ndipo mashaka yalipoanza. Ngamia si kama ng'ombe wetu wa Meru anayekamuliwa huku anakula. Ngamia akifiwa na ndama hufunga maziwa, na akiyafunga siku nyingi yanakauka mpaka azae tena. Wafugaji wana dawa yao ya tangu zamani: huchuna ngozi ya ndama, wakaijaza nyasi, wakaisimamisha mbele ya mama, na mama akiinusa huachilia. Guyo alifanya hivyo. Dima akainusa ngozi, akaingoja ifanye kitu, haikufanya, akaondoka zake. Kila asubuhi ikawa hivyo. Guyo, ambaye hakuwa mtu mbaya ila alikuwa mtu wa hesabu, akaja kunywa chai akasema waziwazi kwamba ngamia asiye na maziwa wala ndama ni nyama iliyosimama, na wanunuzi wa machinjio wako njiani wiki ijayo. Mama Sadia alimmiminia chai mpaka ikafurika kwenye kisahani. Ni mara ya pekee niliyomwona akimwaga kitu.

"Angojee tu," alisema. "Huyo ni wa Sadia."

Mimi ndiye niliyesema, na nilisema nikiwa na anjera mdomoni, kwamba ngozi ile haifanyi kazi kwa sababu haisukumi. Ndama akinyonya huligonga titi kwa pua, huvuta, huachilia, hugonga tena. Sisi tulikuwa na shingo ya mpira inayopinda na mdomo unaoshika. Ekal, aliyekuwa amepitia kwa chai, aliniangalia, kikombe kikiwa hewani. Tulikuwa tumetengeneza mdomo huo kwa mfano wa Dima mwenyewe, na hatukuwahi kufikiri kwamba unaweza kumrudia.

Kazi ilituchukua siku chache za kutolala vizuri. Pampu ya umeme ilikuwa inapiga kelele za kumtoa ngamia mjini, kwa hiyo tuliiacha, tukaunganisha mipira ya hewa na sindano kubwa za mifugo ambazo ningezisukuma kwa mikono. Asubuhi ya kujaribu, Ekal alifika bomani na mkono umekwisha kuvishwa ngozi ya ndama, safi, inang'aa, manyoya yamechanwa. Guyo aliikaribia, akainusa, akamtazama Ekal.

"Hii umefanya nini?"

Ekal akasema, kwa fahari, kwamba ilikuwa inanuka vibaya sana, wafadhili wangekuja kupiga picha, kwa hiyo ameiosha. Kwa sabuni ya unga. Mara mbili.

Mtoto wa wafugaji, mtu ambaye kwao waliishi na mifugo kabla Isiolo haijawa mji, alikuwa amefua harufu pekee tuliyokuwa tunaitegemea. Kusoma kulikuwa kumemtoa boma kichwani kidogo kidogo, na yeye mwenyewe alikuwa hajui mpaka dakika ile. Dima aliinusa ngozi, akapiga chafya, akarusha teke la pembeni ambalo lilipita karibu na goti la bosi wangu. Guyo akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika fito za boma, na kuanzia siku hiyo jina la Ekal Burat nzima likawa Mhandisi Sabuni. Lakini Mama Sadia hakucheka. Alikuwa amekaa juu ya jiwe, mikono mapajani, akiangalia njia ambayo wanunuzi wangepitia.

Mimi nikakumbuka leso. Ilikuwa bado kwenye pembe ya chumba changu, imeviringishwa, ina damu na mavi na jasho la ndama, kwa sababu hakuna kati yetu aliyekuwa na moyo wa kuifua. Nilimwambia Mama Sadia kwa sauti ndogo. Nilijua nilikuwa naomba nini. Ilikuwa leso ya binti yake, na nilitaka kuifunga kwenye mpira mbele ya ngamia. Aliniangalia vile alivyoangalia watu, na safari hii sikujaribu kumjibia.

"Kimbia, ilete," akasema.

Aliivua ile ngozi iliyofuliwa, akaufunga mkono mwenyewe. Aliuvisha leso kama unavyomfunga mtoto mgongoni, akakaza fundo, akalipapasa mara moja kwa kiganja. Guyo alisimama ubavuni mwa Dima, kwa mguu mmoja, goti lingine likiwa limeinuliwa na chombo cha maziwa kimekaa juu ya paja, kama wanavyokamua wao. Mimi nilipiga magoti nyuma ya fito na sindano zangu. Dima alishusha shingo. Alinusa leso kuanzia mwisho mmoja hadi mwingine, taratibu, mdomo wake uleule tuliouiga ukitembea juu ya mdomo tuliouunda. Akatoa sauti, si kilio, ni ule mngurumo wa chini kooni ambao ngamia humfanyia mtoto. Nikasukuma hewa. Shingo ya mpira ikapanda, ikaligonga titi, ikashika, ikaachilia. Nikasukuma tena. Nikajikuta napumua pamoja na sindano, na sijui ni hewa ya nani iliyokuwa inaingia mle. Kisha Guyo akasema kwa Kiborana neno nililolijua, maana nililisikia kila asubuhi mezani. Maziwa.

Tulitembea kurudi mjini mimi na Mama Sadia, yeye mbele, chombo kikiwa kimejaa kichwani. Nilikuwa na furaha ya kijana aliyefaulu mtihani, nikamuuliza kama Dima ameamini kweli kwamba ule ni mtoto wake. Hakugeuka.

"Hajaamini," alisema. "Mama hadanganywi hivyo. Anajua mtoto amekufa, alimwona. Ameona tu kuna mtu anajaribu, akakubali."

Dima alikubali kila asubuhi hadi maziwa yake yalipokoma kwa wakati wake, na mwaka uliofuata akazaa ndama jike. Wakati huo mimi nilikuwa nimeondoka. Wafadhili walitaka maganda ya migunga, na mkono wetu ulichuma maganda machache sana, kwa hiyo mwaka ulipoisha na mradi ukaisha. Hawakuandika kuhusu leso, kwa sababu haikuwa kwenye mpango. Sikuwa na uchungu nao wakati ule na sina sasa. Walinilipia mwaka mmoja wa kujifunza kwamba kushika si nguvu, na hicho ndicho ninachowafundisha vijana wangu mpaka leo, ingawa nawaambia kwa maneno ya shinikizo la hewa na unene wa mpira ili wafaulu mtihani. Nashukuru kwa bati lile la Burat, kwa tarumbeta, kwa sabuni ya Ekal. Nashukuru zaidi kwamba nilipelekwa kwenye chumba kilichofagiwa na sikuuliza.

Ua lilikuwa limejaa wanawake nilipofika. Ekal alikuwa nje na wanaume, mvi kichwani, na Guyo mzee kabisa pembeni yake bado anamwita Sabuni hata msibani. Nilivua viatu nikaingia. Dhaki aliinuka akanikumbatia, akanipitisha katikati ya mikeka hadi kwenye mlango wa chumba changu cha zamani, ambako walikuwa wamemkalisha shangazi yao mkubwa, bibi ambaye macho yake hayaoni vizuri tena. Nyuma yake dirisha la buluu lilikuwa wazi. Ukutani, kwenye msumari mmoja na vibuyu vya maziwa, kulikuwa kumetundikwa mkono wetu, mpira wake umekuwa wa manjano kwa moshi wa miaka, na leso bado imefungwa juu yake kwa fundo lilelile.

Bibi aliuliza kwa Kiborana huyu anayelia ni nani. Dhaki akamjibu kwa Kiswahili, nadhani ili nami nisikie.

"Ni binti yake."

Nilifungua mdomo nimsahihishe. Mimi ni mpangaji, ni Mmeru, nilikaa hapa mwaka mmoja tu, nao wana msiba wao wa kweli. Bibi akanyoosha mkono, akaushika uso wangu, akaupapasa kuanzia paji hadi kidevuni, taratibu, kama mtu ambaye hana haraka ya kufika popote.

"Najua Sadia alikufa," akasema. "Keti, intala. Kunywa chai."

Nikaketi.